Hati Zilizofutwa: Mandhari na Kumbukumbu katika Sanaa ya Video ya Asia ya Kati

1. Utangulizi

Mnamo mwaka wa 2005, maonyesho ya 51 ya kimataifa ya sanaa yalipofanyika mjini Venice, Italia, wasanii wa Asia ya Kati walipata banda lao wenyewe kwa mara ya kwanza. Msimamizi wa banda hilo, Viktor Misiano, alilitambulisha kama hifadhi ya nyaraka ya wakati wa sasa. Uteuzi huo wa maneno unastahili kuzingatiwa. Kwa kawaida hifadhi ya nyaraka ni jumba lenye makabati, majalada na makaratasi yaliyopigwa mihuri. Kumbe kazi kadhaa zilizokuwa katika banda lile zilikuwa picha za video. Mtazamaji aliyeitiwa nyaraka alionyeshwa mabehewa ya gari moshi, wachuuzi, na kuta za majengo ya kale.

Makala haya yanachunguza sababu za jambo hilo. Swali letu la msingi ni hili: kwa nini eneo lenye miji ya wanazuoni kama Bukhara na Samarkand, na lenye tendi za simulizi zilizo miongoni mwa ndefu zaidi duniani, lilihitaji kuikabidhi kamera kumbukumbu yake?

Katika Kiswahili neno 'hati' hubeba maana mbili. Hati ni mwandiko, yaani namna ya kuchora herufi. Na hati ni waraka unaothibitisha haki, kama vile hati ya kumiliki shamba. Tunadai kwamba katika Asia ya Kati ya karne ya 20 maana hizi mbili zilipatwa na msiba mmoja. Mwandiko ulibadilishwa mara kwa mara hadi vizazi vikashindwa kusomana, na wakati huohuo ardhi ilitangazwa kuwa tupu, kana kwamba haijawahi kuandikwa na mtu. Sanaa ya video iliyochipuka huko baada ya uhuru wa 1991 inafaa kusomwa kama jibu kwa misiba yote miwili. Kipimo tutakachokitumia kuzihakiki kazi hizo kinatokana na dai hili: je, kazi inaionyesha ardhi kama hati iliyoandikwa, au inairudia ile dhana ya utupu?

2. Usuli: mwandiko uliobadilishwa

Tumchukulie mtu aliyezaliwa Tashkent mwaka wa 1915. Alipoanza kusoma alifundishwa hati ya Kiarabu, kama walivyofundishwa babu zake. Mkutano wa wataalamu wa lugha za Kituruki uliofanyika Baku mwaka wa 1926 ulipendekeza hati ya Kilatini, na kabla ya mtu huyu kufikisha umri wa miaka 20 vitabu na magazeti ya lugha yake yalikuwa yamekwisha kuhamia huko. Alipofikia miaka 25, yaani mwaka wa 1940, serikali ya Kisovieti iliamuru Kiuzbeki kiandikwe kwa hati ya Kikirili, ile itumiwayo kuandikia Kirusi. Kama aliishi hadi 1993, aliiona Uzbekistan huru ikipitisha sheria ya kurejea Kilatini. Kazakhstan ilitoa amri ya namna hiyo mwaka wa 2017, ilhali Kyrgyzstan na Tajikistan zimebaki na Kikirili. Katika maisha ya mtu mmoja, barua za baba yake zikawa michoro isiyosomeka kwa mjukuu wake.

Mabadiliko haya hayakuja pekee. Tarehe 4 Oktoba 1938 waandishi watatu wakuu wa Kiuzbeki, Abdulla Qodiriy, Abdulrauf Fitrat na Cho'lpon, waliuawa kwa risasi mjini Tashkent. Qodiriy ndiye aliyeandika riwaya inayohesabiwa kuwa ya kwanza ya Kiuzbeki. Hivyo, katika kipindi kifupi, jamii hii iliondolewa waandishi wake pamoja na mwandiko wao.

Msomaji wa Kiswahili hana budi kuyasikia haya kwa sikio la karibu. Maneno kitabu, habari, wakati na dunia yana ndugu zao wazi katika Kiuzbeki (kitob, xabar, vaqt, dunyo), kwa kuwa lugha zote mbili zilikopa katika hazina moja ya Kiarabu. Sisi nasi tuna tendi zilizoandikwa kwa hati ya Kiarabu ambazo wanafunzi wetu wengi hawawezi kuzisoma mpaka mtu mwingine azinukulie kwa Kirumi. Hata hivyo, mlinganisho huu usivutwe mno. Pwani hati ya Kiarabu ilisukumwa pembeni polepole na shule na ofisi za kikoloni, bali katika Asia ya Kati iliondolewa kwa amri ndani ya miaka michache.

Fasihi yenyewe iliwahi kuutaja msiba huu kabla ya video. Katika riwaya ya Chingiz Aitmatov ya mwaka 1980, ambayo jina lake lazungumzia siku inayopita urefu wa miaka mia, kuna kisa cha mateka anayevikwa ngozi mbichi ya ngamia kichwani. Ngozi inapokauka inambana hadi anapoteza kumbukumbu; hamjui mama yake, na hatimaye anamuua. Neno la kumtaja mtu huyo, mankurt, limekuwa neno la kawaida katika mijadala ya eneo hilo kuhusu utamaduni.

Kinachosahauliwa mara nyingi ni yale yaliyofuata. Baba yake Aitmatov, Torekul, alipigwa risasi mwaka wa 1938, na kwa zaidi ya miaka 50 familia haikujua alikozikwa. Mwaka wa 1991 kaburi la halaiki lilifukuliwa mahali paitwapo Chong-Tash, karibu na Bishkek, katika tanuri la zamani la kuchomea matofali. Mlimokuwa na mabaki ya watu zaidi ya 130, na Torekul miongoni mwao. Siri hiyo ilifichuliwa na mwanamke aliyeambiwa na babake, mlinzi wa mahali pale, alipokuwa akikaribia kufa. Aitmatov mwenyewe alizikwa hapo mwaka wa 2008. Tukio hili linatufaa kinadharia. Nyaraka za dola zilikuwapo lakini zilikuwa zimefungwa. Kilichowarudisha wafu ni neno lililosemwa kinywani na kipande cha ardhi kilichokuwa kimelishika jambo lenyewe. Simulizi na mandhari vilifanya kazi ambayo hati ilikatazwa kuifanya.

3. Ardhi iliyoitwa tupu

Mandhari nayo haikuachwa salama. Mapema katika miaka ya 1930 wafugaji wa kuhamahama wa Kazakhstan walilazimishwa kukaa mahali pamoja na mifugo yao ikachukuliwa. Katika njaa ya 1930 hadi 1933 walikufa watu wapatao milioni 1.5. Kwa hiyo, utawala ulipoanza kuizungumzia nyika kuwa pana na isiyo na watu, ulikuwa ukizungumzia matokeo ya kazi yake wenyewe. Nyika haikuwa tupu, iliondolewa watu.

Dhana hiyo ya utupu ilizaa sera mbili kubwa. Ya kwanza ni kuchaguliwa kwa nyika iliyo karibu na Semipalatinsk iwe uwanja wa kujaribia silaha za nyuklia. Kuanzia tarehe 29 Agosti 1949 hadi 1989 yalifanyika majaribio 456, na 116 kati yake yalikuwa ya juu ya ardhi. Mhakiki wa fasihi hawezi kulipita jina la mahali hapo bila kusimama, kwa maana jimbo hilo ndilo alikozaliwa Abai Kunanbaev (1845–1904), anayehesabiwa kuwa baba wa fasihi andishi ya Kikazaki, na ndiko alikozaliwa Mukhtar Auezov, aliyeandika riwaya ndefu juu ya maisha ya Abai. Nchi iliyochukuliwa kuwa tupu ilikuwa kitovu cha fasihi nzima.

Sera ya pili ilianza mwaka wa 1954, wakati wa Khrushchev, kwa lengo la kulima ngano katika kaskazini ya Kazakhstan. Iliitwa kampeni ya ardhi bikira. Mji wa Akmolinsk ukabadilishwa jina mwaka wa 1961 uitwe Tselinograd, yaani mji wa ardhi isiyolimwa. Mji huohuo uliitwa Akmola mwaka wa 1992, Astana mwaka wa 1998, Nur-Sultan mwaka wa 2019, kisha Astana tena mwaka wa 2022. Kwa mtu aliyelelewa pwani, taswira inayokuja ni ya ubao wa chuoni, ulioandikwa, ukaoshwa, ukaandikwa tena. Tofauti ni kwamba mwanafunzi wa chuoni huosha ubao baada ya kuyahifadhi yaliyoandikwa.

4. Kazi tatu na kipimo kimoja

4.1 Barabara

Wasanii Gulnara Kasmalieva na Muratbek Djumaliev wa Kyrgyzstan walionyesha Venice mwaka wa 2005 kazi kuhusu wanawake wachuuzi wanaosafiri kwa gari moshi, wakiimba, wamezungukwa na mifuko yao mikubwa ya mirabaraba. Mwaka uliofuata walikamilisha kazi kubwa zaidi ya viwambo vitano, waliyoiita Njia Mpya ya Hariri, na kuongeza maneno yanayotaja hesabu ya kunusurika na tumaini. Ilionyeshwa katika Taasisi ya Sanaa ya Chicago mwaka wa 2007.

Jina hilo lina kejeli. Istilahi 'Njia ya Hariri' ilienezwa na mwanajiografia Mjerumani, Ferdinand von Richthofen, mwaka wa 1877. Wasafiri wa kale hawakuitumia. Wasanii hawa wanalichukua jina lililotoka nje na kulijaza yanayotokea barabarani hasa. Malori makuukuu ya enzi ya Kisovieti yanapanda milima yakiwa na shehena ya vyuma chakavu kuelekea China. Malori mengine, makubwa na mapya zaidi, yanateremka na bidhaa za viwanda vya huko. Kandokando ya njia kuna watu wanaoishi kwa biashara ya msafara huo.

Vyuma hivyo vilikuwa mitambo na viwanda vya dola iliyoanguka. Vizazi viwili viliambiwa kwamba viwanda hivyo ndivyo historia yenyewe ilikokuwa ikielekea. Sasa historia hiyo inauzwa kwa uzani. Hakuna msimulizi anayetamka hivyo katika video. Maana inapatikana kwa kulitazama lori lilelile likipanda, na jingine likishuka, na kwa viwambo vitano kuonyesha mambo tofauti kwa wakati mmoja, hata mtazamaji hawezi kuviangalia vyote kwa pamoja.

Hapa tunaona ukaribu na fasihi simulizi ambao haujasisitizwa vya kutosha. Mghani wa utendi wa Manas, aitwaye manaschi, hauhifadhi utendi kama mtu anayehifadhi karatasi. Toleo lililonukuliwa kutoka kwa Sayakbay Karalaev (1894–1971) lina mistari inayozidi 500,000, na hakuna msikilizaji mmoja aliyeweza kuusikia utendi wote katika kikao kimoja. Kila hadhira ilipata sehemu, ikajua kwamba kuna kingine kinachoendelea nje ya sikio lake. Isitoshe, kamera na mghani walikwisha kukutana zamani: mwaka wa 1965 Bolotbek Shamshiev alitengeneza filamu fupi juu ya Karalaev. Viwambo vitano vya mwaka 2006 vina ukoo na mapokeo hayo, hata pale ambapo mada ni vyuma vibovu na wala si mashujaa. Kwa kipimo chetu, kazi hii inafaulu kikamilifu: milima yake imejaa kazi, bei na watu.

4.2 Bahari na nyika

Mnamo 1960 Bahari ya Aral ilikuwa ziwa la nne kwa ukubwa duniani, lenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,000. Maji ya mito Amu Darya na Syr Darya, inayoilisha, yalielekezwa kwenye mashamba ya pamba. Ziwa likarudi nyuma, chumvi na mchanga vikabaki. Meli za bandari ya Moynaq zimelala mchangani, na ukingo wa maji uko umbali wa zaidi ya kilomita 100. Bwawa la Kok-Aral, lililokamilika mwaka wa 2005, limeinusuru sehemu ndogo ya kaskazini. Kusini jangwa jipya, Aralkum, limepata nafasi katika ramani.

Almagul Menlibayeva, mzaliwa wa Almaty, alitengeneza mwaka wa 2011 video kuhusu nchi hiyo, ambamo binti wa mvuvi anaota safari ya babake kuitafuta bahari. Viumbe vya kizushi, wanawake wenye miili nusu farasi, wanajitokeza jangwani. Uzuri wa picha hizi haukanushiki, na hapo ndipo penye mashaka yetu. Jangwa linapopigwa picha kwa ustadi mwingi kiasi hiki, na likapambwa kwa miili ya ajabu, mtazamaji wa mbali anaweza kuondoka na kiu yake ya mambo ya kigeni ikiwa imetulizwa, asiulize pamba ilikwenda wapi na nani aliivaa. Utupu uliotengenezwa na dola unageuka kuwa jukwaa.

Kazi yake ya mwaka uliofuata, inayohusu mji wa Kurchatov na uwanja wa Semipalatinsk, inajikinga vizuri zaidi. Humo wakazi wa eneo hilo wanatoa ushuhuda wao, na taswira za kubuni zinalazimika kuusikiliza. Hapa tukumbuke kwamba aliyeongoza upinzani dhidi ya majaribio hayo alikuwa mshairi. Mnamo Februari 1989 Olzhas Suleimenov alialikwa kusoma mashairi yake kwenye televisheni. Badala ya mashairi alisoma tamko la kuwataka watu wayapinge majaribio. Vuguvugu la Nevada-Semipalatinsk likaanzia hapo, na uwanja ukafungwa tarehe 29 Agosti 1991, siku na mwezi uleule wa mlipuko wa kwanza. Mshairi aliweka shairi kando ili ardhi ipate wa kuisemea. Ushuhuda katika video ya Menlibayeva ni mrithi wa tendo hilo, na ndiyo sababu tunaiweka juu ya ile ya mwaka 2011.

4.3 Mnyama asiyekuwapo

Saodat Ismailova alizaliwa Tashkent mwaka wa 1981. Alishiriki katika banda la Asia ya Kati huko Venice mwaka wa 2013, akaonyesha Kassel mwaka wa 2022, na akawa na maonyesho yake binafsi Amsterdam mwaka wa 2023 na Milan mwaka wa 2024. Kazi yake ya mwaka 2017 inamhusu chui milia wa Turan, aliyeishi katika vichaka na mafunjo ya kingo za Amu Darya na Syr Darya. Mnyama huyo aliwindwa sana wakati wa utawala wa mfalme wa Urusi, makao yake yakafyekwa kwa ajili ya kilimo, na katika karne ya 20 akatoweka kabisa.

Jambo la kifani linalotuvutia ni nafsi ya usimulizi. Video hii haimwelezi chui, inamsemesha. Mnyama ni nafsi ya pili, anaambiwa moja kwa moja, ingawa hayupo wa kujibu. Mwanafunzi wa fasihi simulizi atatambua hapa desturi ya kilio na ya tambiko, ambamo marehemu huitwa kwa jina na kuzungumzwa naye kama aliye karibu. Kwa mbinu hiyo mandhari ya mto inabadilika. Mafunjo yasiyo na kitu yanakuwa mafunjo yasiyo naye. Utupu umepewa jina, tarehe na sababu, na kwa hiyo umeacha kuwa utupu.

5. Hadhira ni nani?

Msomaji makini atakuwa amekwisha kuandaa pingamizi. Venice, Chicago, Kassel, Amsterdam, Milan: hii ni orodha ya miji ya Ulaya na Marekani. Mvuvi wa Moynaq aliyepoteza bahari hayumo katika ukumbi. Je, kumbukumbu inayohifadhiwa mbali na wenyewe si aina nyingine ya kunyang'anywa hati? Pingamizi hili ni zito, na sisi tunaosafiri ng'ambo kwenda kusoma miswada ya tendi zetu hatuwezi kulichukulia kama jambo geni.

Lakini picha si ya upande mmoja. Kasmalieva na Djumaliev walianzisha mjini Bishkek, mwaka wa 2002, taasisi ya ArtEast, na wamefundisha humo wasanii vijana. Ismailova aliunda mwaka wa 2021 kundi la utafiti liitwalo Davra, linalowakutanisha wasanii wa eneo hilo. Mjini Almaty kituo cha utamaduni cha Tselinny kilifunguliwa mnamo Septemba 2025 katika jengo lililokuwa sinema ya Kisovieti ya mwaka 1964. Jina la jengo linatokana na ile kampeni ya ardhi bikira. Wakati wa ukarabati, nyuma ya ukuta wa baadaye, uligunduliwa mchoro mkubwa wa Evgeny Sidorkin uliochongwa kwenye plasta, uliokuwa umefunikwa kwa miaka. Waliokarabati waliamua kuuhifadhi. Jumba linaloitwa kwa jina la ardhi isiyoandikwa lilikuwa na maandishi ukutani muda wote.

6. Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba mandhari katika sanaa ya video ya Asia ya Kati si pambo wala si nyimbo za kuitamani enzi iliyopita. Ni jibu la kihistoria kwa jamii ambayo mwandiko wake ulibadilishwa kwa amri na ambayo ardhi yake ilitangazwa kuwa tupu. Tumeonyesha vilevile kwamba jibu hilo halifaulu kila mara: kazi inayopenda mno uzuri wa jangwa inaweza kuusaidia uongo uleule inaoupinga.

Kwa wahakiki wa fasihi kuna kazi iliyosalia. Tumezoea kuanza na matini na kuichukulia mandhari kuwa usuli wake. Chong-Tash inatufundisha kwamba mara nyingine mpangilio huo hauna budi kupinduliwa. Waraka wa dola ulinyamaza kwa zaidi ya miaka 50. Mzee aliyekuwa mlinzi alimwambia binti yake, na binti akawaonyesha watu mahali. Utafiti wa fasihi simulizi hauna budi kuwa na nafasi ya mahali kama hapo, pamoja na mtu anayeweza kupaonyesha kwa kidole.